Nyanya za Shangazi Zafika Machimboni

Mwezi wa nane mwaka huu nilikwenda Shinyanga kumsalimia shangazi yangu, kisha nikaendelea hadi Geita kumwona mdogo wangu aliyeolewa machimboni. Niliondoka nyumbani na begi moja. Niliporudi nilikuwa nimejua kulima nyanya bila kuwa na shamba, na pia nilikuwa nimegombana na mdogo wangu kama hatujawahi kugombana tangu utoto. Mambo hayo mawili yanahusiana, ndiyo maana nayasimulia pamoja.

Shinyanga ya mwezi wa nane

Aliyefika Shinyanga kiangazi anaijua. Mvua huwa zimekatika tangu mwezi wa tano na hazirudi mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Upepo unapiga vumbi, ng'ombe wanapita wakinusa mabua makavu, na yale majabali makubwa yanayouzunguka mji yanakuwa na joto hata usiku. Nilipitia sokoni ninunue mboga ya kumpelekea shangazi, maana kwetu huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Fungu la nyanya nne ndogo likauzwa shilingi elfu moja. Nikachukua mafungu mawili, nikapanda bajaji hadi Kitangili.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

Shangazi akaitikia, akanipokea mfuko, akachungulia ndani, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, umeniletea nyanya? Njoo uone."

Nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, kulikuwa na kona iliyozungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie. Ndani yake zilipangwa ndoo nane zilizopasuka, viroba vinne vya unga na karai moja lisilo na kitako. Kila chombo kilikuwa na mnyanya mmoja, na karibu yote ilikuwa imebeba. Pembeni, pale maji ya bafuni yanapotokea, kulikuwa na kichaka cha nyanya ndogo za mviringo, za ukubwa wa gololi, ambazo shangazi alisema hakuzipanda yeye.

"Hizo ni maotea. Nyanya ikioza natupa hapo. Mvua ikija zinaota zenyewe. Mimi kazi yangu ni kuwafukuza kuku tu."

Ile kona yenyewe anaiita ngitili yake. Wasomaji wa Usukumani watacheka, maana ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Ni desturi ya zamani iliyokaribia kufa, ikafufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati mkoa ulipokuwa unaelekea kuwa jangwa. Shangazi alikuwa mama kijana wakati huo. Anasema alichojifunza ni kwamba ardhi ya huku haikatai kuotesha, bali inakataa kusumbuliwa.

Kazi ya dakika tano

Nilikaa kwake siku nne nikamfuata kila jioni. Haya ndiyo anayofanya, na nimeyaandika kama alivyonionyesha.

Udongo anachanganya mwenyewe. Karai mbili za udongo wa kichuguu, karai moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na nusu karai ya mchanga. Mchanganyiko huo unajaza ndoo tatu za lita 20. Udongo mweusi wa mbugani hautumii peke yake, kwa sababu ukilowa unashika maji kama tope na ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Samadi mbichi nayo hataki, inaunguza mche.

Chombo lazima kitobolewe chini, matundu matano au sita ya ukubwa wa ncha ya kidole. Mnyanya uliosimama kwenye maji unakufa haraka kuliko uliokosa maji.

Mbegu anasia kwenye kopo pana lililotobolewa. Huota ndani ya wiki moja hivi, na baada ya wiki nne mche ukiwa na urefu wa shibiri moja anauhamisha jioni jua likishapungua. Anauzika kwa kina, mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la mnyanya likifunikwa na udongo linatoa mizizi mingine. Ndoo moja, mche mmoja. Ukiweka miwili inagombea maji na yote inadhoofika.

Juu ya udongo anatandaza maganda ya mpunga, unene wa vidole vitatu. Kahama na Shinyanga ni nchi ya majaruba, na kwenye mashine za kukoboa maganda hayo ni rundo la kuchukua bure. Kazi yake ni kuzuia jua lisinywe maji kabla ya mmea.

Kumwagilia ndiko kulikonifurahisha zaidi. Anachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, anakata kitako, anatoboa kizibo kwa sindano, kisha anaichomeka kichwa chini karibu na shina. Jioni anaijaza maji aliyooshea mchele au mboga. Maji yanadondoka taratibu mpaka usiku. Kazi yote, ndoo nane na viroba vinne, haizidi dakika tano. Anasema kinachoharibu nyanya za nyumbani ni ile tabia ya kusahau siku tatu kisha kumwaga ndoo nzima. Tunda linapasuka, au linaoza kitako na kuwa na baka jeusi chini, na watu hudhani ni ugonjwa wa kununulia dawa.

Kuhusu aina, yeye anapenda Tanya na Cal J. Ni fupi, hazihitaji zaidi ya kijiti kimoja cha kuegemea, na mbegu zake anaweza kuzikamua, kuzikausha na kuzipanda tena. Aina ndefu kama Money Maker zinataka nguzo na kupunguzwa machipukizi kila wiki, na mbegu za chotara za dukani ukizirudia hazizai kama mama yake. Kwa mtu asiyetaka kazi nyingi, fupi inatosha.

Jua la asubuhi mpaka saa saba ni zuri. Jua la saa nane la Shinyanga linadondosha maua, ndiyo maana aliweka vyombo upande wa mashariki, ukuta uvitie kivuli mchana.

Nilimuuliza kama hajawahi kupoteza. Akasema amepoteza sana. Kuna mdudu anayeitwa kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014 kupitia upande wa Arusha, ambaye viwavi vyake hutoboa majani na matunda. Shangazi anachuma kila jani lenye michirizi meupe na kulichoma moto, kila siku, kabla hawajazaana. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, anaung'oa na kumwaga udongo wake mbali, maana mnyauko wa bakteria hauna dawa. Na kwenye ndoo iliyotoka nyanya hapandi bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, kwa sababu ni ukoo mmoja na huugua pamoja. Mvua za masika zikizidi, bakajani nayo inaingia, ndiyo maana nyanya zake nzuri ni za kiangazi.

"Kiangazi utapata wapi maji?" nikamuuliza.

Akanionyesha bomba. Zamani mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa, na miaka ya ukame akina mama walilala kwenye foleni za visima. Tangu mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, ulipofika Kahama na Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 2000, kona ile ikawezekana. Bado maji hukatika, na bili ni bili, ndiyo sababu ya zile chupa.

Miche sita ndani ya basi

Siku ya kuondoka shangazi alinipa miche sita ya Tanya ndani ya boksi la sabuni, kila mmoja kwenye kikopo chake. "Mpelekee mdogo wako. Mwambie asiangalie dhahabu tu."

Basi lilipita Tinde na Isaka. Nilipakata boksi kama mtoto. Kondakta akaniuliza kama miche nayo ilikatiwa tiketi, abiria wakacheka, na mama mmoja wa siti ya nyuma akanipa maji yake niwanyunyizie. Kabla ya kuingia Kahama unaona vilima vya mawe ya mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Kahama yenyewe haijalala. Maduka, magodoro, pikipiki, mchele kwa magunia.

Kutoka hapo nikapanda gari dogo kuelekea Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu, kisha Bukoli hadi Geita. Dhahabu ya Geita si ya leo. Mgodi wa enzi ya mkoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Lakini pembeni ya migodi mikubwa wapo maelfu ya wachimbaji wadogo na familia zao, na humo ndimo anamoishi mdogo wangu. Sitakitaja kijiji chake, kwa sababu nitakayosema yanahusu vijiji vingi.

Nyanya za bondeni

Mdogo wangu alinipokea kwa furaha na chakula kizuri: ugali, samaki na rosti ya nyanya iliyojaa sufuria. Nikashangaa. Machimboni nyanya ni ghali kuliko Shinyanga, maana zinakuja kwa matenga kutoka mbali, na mwenye duara akipata mawe mazuri bei ya kila kitu kijijini inapanda siku hiyo hiyo.

"Hizi umenunua wapi?"

"Zangu. Nimelima."

Asubuhi akanipeleka kuona. Ilikuwa bustani nzuri kuliko ya shangazi. Mistari sita, nyanya kubwa nyekundu, ardhi yenye unyevu katikati ya kiangazi. Nikauliza unyevu unatoka wapi. Akaonyesha kwa kidole juu kidogo. Pale palikuwa na mialo, ambako vijana huosha mchanga wa mawe yaliyosagwa kwenye makarasha, na kando yake rundo la marudio. Maji ya mialo yalikuwa yanateremka polepole mpaka kwenye nyanya zake.

Msomaji asiyejua machimbo nimweleze kidogo. Ili kunasa chembe za dhahabu, wachimbaji wadogo huchanganya mchanga ule na zebaki. Zebaki inashika dhahabu, wanaikamua kwenye kitambaa, kisha donge linachomwa moto mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Inayopaa ni mvuke usioonekana wala kunuka, na nyingine inabaki kwenye maji na kwenye marudio. Zebaki ni sumu ya ubongo na mishipa ya fahamu, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo. Mataifa yalitunga Mkataba wa Minamata mwaka 2013 kuipunguza, na Tanzania imo. Mkataba huo umechukua jina la mji wa Japani ambako maelfu ya watu waliathirika kwa kula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda.

Nikamwambia mdogo wangu ang'oe zile nyanya.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, unajua hizi ni nini? Hizi ni sare za shule za watoto wawili. Mume wangu ana miezi mitatu duarani hajatoa kitu. Mama ntilie wawili wananunua kwangu kila siku. Utanilipa wewe?"

Nikasema atazioshaje. Akasema anaziosha vizuri sana. Nikamwambia kuosha kunaondoa vumbi na tope la nje, hakuondoi kilichofyonzwa na mmea, na hata mikono yake na miguu ya watoto wanaomsaidia kupalilia inashinda kwenye tope lile lile. Nikasema na mengine ambayo sikupaswa kusema, kuhusu mumewe na kuhusu maisha aliyochagua. Akaniacha pale bondeni akarudi nyumbani peke yake.

Siku nzima hatukuongea. Jioni shemeji alirudi, akakuta boksi la miche mlangoni na wake wawili wa ukoo mmoja wamenuna kila mmoja na kona yake. Tukamweleza. Yeye ndiye aliyeinua jambo ambalo mimi sikulijua. Kuna fundi wao wa kuchenjua, mtu mzima aliyeshika zebaki kwa mikono miaka mingi, ambaye siku hizi hawezi kupeleka kikombe cha chai mdomoni bila kumwaga. Kutetemeka mikono ni moja ya dalili za sumu hiyo. Shemeji akasema hilo taratibu, akiangalia mikono yake mwenyewe, kisha akaongeza kwamba karai la kuchomea lipo nyuma ya jiko letu, hatua chache kutoka watoto wanapolala.

Kuanzisha upya

Sitasema mdogo wangu aling'oa bustani usiku ule. Ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza aliacha kupika zile nyanya. Siku ya pili aliwaambia mama ntilie kwamba hauzi tena, akaeleza na sababu, na mmoja wao alikasirika kwa kuwa alishakula. Ndipo akang'oa. Mimi nilitoa sehemu ya nauli yangu kwa ajili ya sare, nikarudi na basi la bei ndogo. Haikufikia hasara yake.

Kisha tukaanza na miche sita ya shangazi. Machimboni ile kanuni ya kwanza, ya udongo, ndiyo ngumu. Tulifuata udongo wa kichuguu upande wa juu wa kijiji, mbali na makarasha, mialo na mitaro yote, kule ambako vumbi la kusaga mawe haliendi. Samadi tuliomba kwa mfugaji. Mdogo wangu alileta pipa la bluu lililokatwa, zuri na imara, nikalikataa: mapipa mengi ya aina hiyo yametoka kwenye mitambo ya kuchenjua na yamebeba sayanaidi au kemikali nyingine. Chombo kiwe kile ambacho kilibeba chakula, yaani ndoo ya mafuta ya kupikia au kiroba cha unga.

Maji pale ni ya kununua kwa dumu, hivyo zile chupa za kudondosha zilimfaa kuliko shangazi mwenye bomba. Maji ya mvua ni mazuri pia, ila mvua ya kwanza ya msimu aiache ioshe vumbi la bati, akinge zinazofuata. Vyombo tuliviinua juu ya matofali ili tope la uwanja lisirukie majani.

Na karai la kuchomea likahama. Shemeji alilipeleka kwenye eneo la kazi, mbali na nyumba. Yapo makopo maalumu yenye bomba la kunasa mvuke ili zebaki irudi ndani badala ya kupaa, na alisema atawashawishi wenzake wachange wanunue moja. Nguo za mialoni nazo zinabaki nje, hazifuliwi na za watoto.

Kama nawe unaishi karibu na machimbo, anza na maswali matatu kabla ya mbegu: udongo huu umetoka wapi, maji haya yamepita wapi, na chombo hiki kilibeba nini. Ukishindwa kujibu moja, tafuta kingine. Kwingineko kote nchini, ndoo iliyopasuka na maganda ya mpunga vinatosha.

Neno moja la mwisho kuhusu nyanya zikizidi. Wasukuma tunakausha viazi kwa michembe na matobolwa, na majani ya kunde kwa nsansa, lakini nyanya tunaziacha zioze. Zipasue, nyunyiza chumvi, zitandaze juu ya kichanja safi kilichofunikwa na chandarua, siku nne au tano za jua la kiangazi. Zikikauka mpaka hazina unyevu hata zikibonyezwa, hukaa kwenye chupa iliyofungwa. Weka kidogo kwenye maharage au mlenda. Nyanya ina vitamini C, nayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani na maharage. Ila jua hupunguza vitamini hiyo, hivyo mbichi zikiwapo watoto wale mbichi.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinitumia ujumbe wa simu na picha ya sahani ya kachumbari. Aliandika: "Minne imezaa. Miwili mbuzi wamekula. Nyanya ni ndogo kuliko zile za bondeni. Watoto wanazila zikiwa bado nusu kijani. Mwambie shangazi wabeja."

Nimemfikishia shangazi salamu. Ameuliza kwa nini hawakuzungushia miiba.